Kuvuka kwa mashua Gamba: nilivyopita Mei 2024 na mzigo wa vitambaa

Mimi ni fundi cherehani wa Malindi. Kila baada ya miezi miwili mitatu nampelekea dada yangu madera na majora ya vitambaa dukani kwake Langoni, Amu, yaani mji wa Lamu. Njia ni ileile siku zote: basi la alfajiri, Gongoni, Marereni, kona ya Minjila, Gamba, Witu, Mokowe, kisha boti. Mei 2024 njia hiyo ilikatika na maji ya mto Tana uliofurika, na mimi nikapita juu ya barabara ya lami nikiwa nimekaa ndani ya mashua. Naandika kuhusu hao vijana waliotuvusha, kwa sababu watu wengi wananiuliza kama ni salama.

Kwanza basi, nimalizane nalo. Nililipa nauli kamili hadi Mokowe na hakuna aliyeniambia kitu. Tulipofika Gamba kondakta akasema, "Shukeni, mwisho ni hapa, ng'ambo kuna gari jingine." Ng'ambo ile gari lilikuwepo kweli, lakini nauli ya mashua ilitoka mfukoni mwetu. Ofisi iliyonikatia tiketi ilijua, maana maji yalikuwa pale siku nyingi. Hilo liliniuma. Kina mama wenye watoto wachanga walikuwa wamejipigia hesabu ya shilingi za mwisho.

Sasa mashua. Nilikuta kama sita, za faiba, zenye mashine ya nyuma, na mitumbwi kadhaa ya wenyeji. Nilitozwa shilingi 300, na 100 kwa kila furushi. Kabla sijapanda niliuliza jaketi za kuokolea, na sikuona haya kuuliza. Tarehe 28 Aprili, wiki chache tu nyuma, boti ya abiria ilikuwa imezama Kona Punda, karibu na Garissa, katika maji ya mto huuhuu, na watu wakafa. Kijana aliyekuwa akipanga abiria hakunikasirikia. Alinivalisha mwenyewe, akavuta kamba za kifuani, akasema, "Mama, usipokuwa nayo mimi siondoki." Jaketi za watoto zilikuwa mbili tu, na watoto walikuwa wanne. Waligawanywa safari mbili. Nyota moja kati ya tano naipunguza hapo, kwa uhaba wa jaketi za watoto. Kila mashua inayobeba familia inazihitaji.

Mizigo ilipakiwa mashua ya peke yake. Majora yangu niliyafunga nailoni tabaka mbili tangu Malindi, na walipoona ni vitambaa wakayaweka juu ya magunia ya vitunguu, si chini. Hakuna hata pindo lililolowa.

Nahodha wetu alikuwa mzee wa Kipokomo, mtu wa Ngao. Mahali penye kina alitumia mashine, na tulipokaribia ukingo wa lami uliozama aliizima akashika upondo, akapima chini kwanza, akasukuma polepole. Maji yalikuwa ya rangi ya chai ya maziwa, na vichwa vya vibao vya barabarani vilichungulia tu.

Abiria mmoja, mama wa Witu, akaanza: "Hawa watu wa bwawa ndio waliotufungulia maji." Wote tukaitikia. Mzee akaacha upondo utulie akasema, "Mwanangu, mimi nimezaliwa kabla ya bwawa lolote, na maji haya nimeyajua tangu utotoni. Mafuriko ya 1961, mwaka ule watu wanaouita wa mafuriko ya Uhuru, bwawa halikuwepo hata moja."

Maneno hayo yalinikaa. Nilipofika Amu mpwa wangu, ambaye anasomea mambo ya maji, alinikalisha baraza akanieleza kwa mfano wa jabia, birika la kuwekea maji ya mvua, la nyumba ya bibi yetu. Nataka niyaeleze hapa kama nilivyoyaelewa, kwa sababu anayesafiri njia hii atafaidika.

Juu kule kwenye Tana kuna mabwawa matano yaliyofuatana kama ngazi: Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere. La kwanza kujengwa ni Kindaruma, 1968, kisha Kamburu 1974 na Gitaru 1978. Haya yalijengwa kwa ajili ya umeme. Lakini mto ni mto: miezi ya masika una maji ya kumwaga, kiangazi unasinyaa na mitambo inakosa nguvu. Ndipo likajengwa Masinga juu ya yote, likakamilika 1981. Lina nafasi ya mita za ujazo bilioni 1.56 na kazi yake hasa ni kuwa ghala: lizuie maji ya mvua, liyatoe kidogo kidogo wakati wa ukavu. Kiambere likafuata 1988.

Kuzuia maji ya mvua ndiyo hiyohiyo kazi ya kupunguza mafuriko. Bwawa halifuti mafuriko, linayakata kichwa. Wimbi kubwa likija linaingia ndani, linakaa, linatoka kwa kipimo cha siku nyingi badala ya siku mbili. Miaka mingi sisi wa chini tumekingwa hivyo bila kujua.

Shida ni jabia. Bibi yetu, mvua zikikaribia, alilitoa maji ya zamani akalisafisha, ili maji ya mvua yakute nafasi. Jabia lililojaa halikingi tone. Bwawa la kukinga mafuriko nalo linatakiwa liwe na nafasi mvua zinapoanza, ilhali bwawa la umeme linatakiwa lijae, kwa sababu hakuna ajuaye mvua zijazo zitakuwaje. Masinga limepewa kazi zote mbili. Kiwango chake cha mwisho ni mita 1,056.5 kutoka usawa wa bahari, na likivuka hapo yanayoingia yote yanapita kuja kwetu. Mvua za El Niño za mwisho wa 2023 zilikuwa zimelinywesha vya kutosha, masika ya 2024 yakalikuta halina pa kuyaweka.

Tena kuna jambo ambalo mama wa Witu na mimi hatukulijua. Mito kama Mutonga inaingia Tana chini ya Kiambere, na malaga, yaani vijito vya msimu, ya huku nyikani vilevile. Maji hayo hayapiti bwawa lolote. Kwa ajili yake, na kwa umeme na kilimo, limekuwa likizungumzwa bwawa jingine kubwa, High Grand Falls, la zaidi ya mita za ujazo bilioni 5, lakini halijajengwa. Mimi ningependa lijengwe, ila wajenzi wamsikilize yule mzee wa Ngao kwanza. Alituambia mpunga wao unaoteshwa na maji yakipanda na kushuka, na Waorma wanalisha ng'ombe kwenye majani yanayoachwa nyuma. Mto usiofurika kabisa nao unawanyima chakula.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa msafiri: KenGen, kampuni ya umeme inayoendesha mabwawa hayo, wakitangaza kwamba Masinga limejaa, usifikiri ni habari ya watu wa bara. Maji yanachukua siku kadhaa kupita Garissa na Garsen hadi Gamba. Hizo siku ndizo zako za kusafiri mapema au kuahirisha. Piga simu kwa mtu aliye Minjila au Gamba, usiulize dirisha la tiketi. Beba chenji, nailoni, na viatu vya kuvuliwa.

Nyota 4 kati ya 5 kwa vijana wa mashua. Nilirudi baada ya siku tisa, maji yameshuka hadi magotini sehemu kubwa, mashine haziwezi kufanya kazi. Walikuwa wanavuta mashua kwa kamba wakitembea, mzee wa Ngao mbele na upondo wake akipapasa lami, na nauli walikuwa wameishusha hadi shilingi 150.