Pakiti za baridi ya papo hapo: soma kilichomo kabla ya kulipa

Kwa nje zote ni ndugu: mfuko mweupe wa plastiki, ndani yake chembechembe kavu na kifuko kidogo cha maji. Unakandamiza mpaka kifuko kipasuke, unatikisa, na muda si muda mfuko unakuwa wa baridi. Huhitaji friji wala umeme. Kwa timu inayocheza mbali na duka lenye barafu, pakiti mbili kwenye mkoba wa huduma ya kwanza ni matumizi mazuri ya pesa. Tatizo ni kwamba wengi hununua kwa kutazama picha ya boksi, wakati kinachotofautisha pakiti moja na nyingine kimeandikwa kwa herufi ndogo nyuma.

Tafuta maneno mawili: naitreti ya amoniamu au urea. Naitreti ya amoniamu ni chumvi, yaani ioni (chembe ndogo mno zenye chaji ya umeme) chanya na hasi zilizoshikamana kwenye fuwele. Kuzibandua kunakula nishati. Maji yanapozizunguka, nishati hurudi. Kwenye chumvi ya mezani, kuvunja fuwele kunachukua kilojuli 787 hivi kwa moli (kipimo cha wanakemia cha kuhesabia chembe), na maji hurudisha takriban 783. Pengo ni dogo, ndiyo maana ukikoroga chumvi kwenye glasi husikii baridi ya maana. Kwa naitreti ya amoniamu pengo hufika karibu kilojuli 26, na linazibwa na joto linalovutwa kutoka kwenye maji, kisha kutoka kwenye enka iliyoteguka. Kwa gramu moja ni juli 320 hivi. Urea haina ioni, ila nayo humeza joto ikiyeyuka, kama juli 250 kwa gramu. Watengenezaji wengi wamehamia kwenye urea kwa sababu naitreti ya amoniamu inaweza kutumika kwenye vilipuzi na hivyo inadhibitiwa. Urea si mbaya. Ila ikiwa uzito ni uleule, ubaridi wake ni mdogo, na bei inapaswa kuonyesha hivyo.

Sasa tuje kwenye ahadi ya boksi. Ukiona imeandikwa kwamba pakiti inafika karibu na nyuzi sifuri, uliza imeanzia wapi. Chumvi haikupi nyuzi fulani, inakupa mshuko. Naitreti ya amoniamu sehemu 60 kwa maji sehemu 100 hushusha joto kwa nyuzi 27 hivi. Chumba chenye nyuzi 22 kitakupeleka chini ya sifuri. Kwenye benchi la wachezaji wa akiba Dar es Salaam au Mombasa, pakiti ikiwa na nyuzi 32, utaishia kama 5. Ikiwa imelala kwenye buti la gari saa nane mchana, hata 10 ni bahati. Pakiti haijaharibika, imeanza safari kutoka juu zaidi. Ihifadhi ndani ya kasha la kupozea hata kama halina barafu, au iviringishe kwa taulo na kuiweka kivulini.

Uwiano nao una maana. Maji yakizidi, ubaridi unasambaa na kupotea. Yakipungua, chembe zinabaki chini bila kuyeyuka. Kabla ya kununua, bonyeza pakiti taratibu: unatakiwa kusikia chembe zikikwaruzana na kifuko kikiteleza kati yake. Ukikuta uji uji, kifuko kilishapasuka njiani na pakiti imekwisha kazi. Ukikuta bonge, unyevu umeingia. Bonge huyeyuka polepole na kukupa ubaridi hafifu, kwa hiyo livunjevunje kwa vidole kabla ya kupasua maji. Kosa lingine ni kupasua na kuweka hapohapo. Tikisa kwanza, la sivyo upande mmoja utaganda na mwingine ubaki vuguvugu. Weka kitambaa chembamba kati ya mfuko na ngozi, dakika 15 hadi 20, basi. Mfuko ukivuja, osha ngozi kwa maji, na usiache mtoto akaonja.

Je, inashinda barafu? Haishindi. Gramu 90 za naitreti ya amoniamu pamoja na mililita 150 za maji haziwezi kumeza zaidi ya kilojuli 29. Barafu ya uzito huohuo, gramu 240, humeza kilojuli 80 kwa kuyeyuka peke yake, na gharama yake ni ndogo mno. Penye barafu, nunua barafu.

Jirani yake kwenye rafu ni pakiti ya joto yenye kijisahani cha chuma ndani, na hiyo ndiyo ninayoisifu bila kusita. Ina asetati ya sodiamu, chumvi iliyo katika hali ya kimiminika ndani ya mfuko, na inafanya kazi kwa njia ya kinyume: ukikunja kijisahani, fuwele zinaanza kujijenga pale pale, weupe unatambaa kama utando mpaka mfuko mzima unakuwa mgumu, na joto linatoka, kama juli 260 kwa kila gramu ya fuwele. Haiwezi kupita nyuzi 58, kwa sababu hapo ndipo fuwele zenyewe huyeyuka. Inatumika tena na tena. Chemsha kwenye sufuria yenye kitambaa chini ili plastiki isiguse chuma, mpaka usione hata chembe nyeupe. Hapo ndipo watu hukosea: ikibaki chembe moja kwenye kona, mfuko utaganda wenyewe ukipoa, na mnunuzi atadhani ameuziwa kibovu. Rudisha kwenye maji yanayochemka kwa dakika chache zaidi, ukiigeuza ili kona zote ziive.