Papi wangu alishikwa na parvo, hivi ndivyo kliniki ya Tudor ilivyotusaidia

Naandika hii kwa wale wa Mombasa wenye papi nyumbani, haswa aliyefungua simu sahizi manake mbwa wake anatapika na hajui aende wapi. Mie nlikua hapo wiki tano zilizopita, papi wangu ana parvo, ugonjwa wa kirusi unaoshambulia utumbo wa mbwa. Ni ndefu kidogo mnivumilie.

Tunakaa Likoni. Mwanangu Baraka alikua ananisumbua mwaka mzima anataka mbwa, mwishowe nkamnunulia mmoja kwa jamaa wa huku kwetu, wiki saba, rangi ya kahawia na kidoa cheupe kifuani, akaitwa Tomi. Nliuliza kama ameshachanjwa nkaambiwa ndio, kila kitu tayari. Kadi sikuona na sikuidai. Hilo linaniuma mpaka leo, kwa hivo naliweka hapa juu kabisa: bila kadi yenye tarehe na stika ya dawa na sahihi ya daktari, hesabu hajachanjwa, hata muuzaji aape vipi.

Siku ya kumi hivi, Jumapili, Tomi akakataa chakula. Nkadhani ni joto. Usiku akaanza kutapika povu jeupe, kufika asubuhi ametapika mara sita na amelala tu kwenye sakafu ya choo pale penye baridi. Nkakimbia agroveti moja nkaelezea, yule mtu bila hata kumuona mbwa akanipa dawa ya minyoo na kuniambia nimpe yai bichi na maziwa. Nkampa, manake ukiwa na wasiwasi unafanya chochote unachoambiwa. Alitapika vyote na jioni ile ndio akaanza kuhara. Ilikua maji matupu yana damu, na harufu yake sijui niifananishe na nini, ni kama damu iliyooza na kitu kingine kitamu kitamu ndani yake. Ukishainusa mara moja utaijua siku zote.

Jirani yangu Bi Mkubwa, ambaye mbwa hamgusi kwa sababu ya dini yake na mie naliheshimu hilo, ndie aliyeniambia kwa ukutani, mama Baraka huyo kiumbe anakufa, mpeleke kwa daktari wa wanyama usingoje kesho. Ilikua saa mbili usiku. Nkapiga namba tatu, mbili hazikushikwa, ya tatu ndio hii kliniki. Daktari akauliza maswali manne tu: ana umri gani, ana chanjo, anahara damu, amekojoa leo? Kisha akasema, usimpe kitu chochote mdomoni kama anatapika, mpe joto, na saa moja na nusu asubuhi uwe hapa, nitakua nimefika kabla yako.

Asubuhi tukapanda feri, Tomi ndani ya katoni ya maziwa, chini gazeti juu leso. Watu wamejaa vile mnavyojua feri ya asubuhi na mie nimekumbatia katoni kifuani naogopa mtu asije akanigonga, kila baada ya dakika naingiza kidole nisikie kama anapumua. Ng'ambo tuktuk ya kwanza ilikataa mbwa, ya pili dereva akatandika gunia nyuma akasema weka hapo mama, na ongeza hamsini nitaosha. Nkashukuru sana.

Sasa kliniki yenyewe. Kitu cha kwanza kilichonifanya niwaamini ni kwamba hawakuniruhusu niingie. Daktari alitoka nje na glavu mkononi akatukuta chini ya mwarobaini, akasema ndani kuna papi wamekuja chanjo, huyu wako akiingia pale atawaambukiza. Akamchunguza hapo hapo juu ya katoni. Alivuta ngozi ya shingo akaiachia, ikabaki imesimama kama nguo mbichi, hairudi. Akainua mdomo akabonyeza ufizi kwa kidole, akaniambia tazama, ufizi unatakiwa uwe wa waridi na ukibonyeza rangi irudi haraka, huyu ni mweupe na hairudi. Kilo moja na nusu. Kisha akachukua kijiti cha pamba akakiingiza nyuma, akatia kwenye kipimo kama kile cha mimba, tukangoja kama dakika kumi, mistari miwili. Parvo.

Nkamuuliza dawa yake shilingi ngapi. Akachuchumaa tukawa macho kwa macho akaniambia, mama, hiki ni kirusi, dawa ya kukiua hakuna, mtu akikuuzia anakudanganya. Kinashambulia ngozi ya ndani ya utumbo, ndio maana ya damu, na kinashusha chembe nyeupe zinazopigana na magonjwa, ndio maana bakteria wa tumboni wanapata njia ya kuingia kwenye damu. Kinachoua kwa haraka ni kukauka maji. Kazi yetu ni kumrudishia maji na chumvi na sukari kwa mshipa, kumzuia kutapika, kumpa antibiotiki kwa ajili ya hao bakteria, mpaka mwili wake wenyewe ukishinde. Wasiotibiwa wengi hufa, wanaotibiwa mapema wengi hupona, lakini wa kwako amechelewa siku moja na sitaki kukuahidi. Watu wazima tulivyozoea kudanganywa na mafundi wa kila aina, kuambiwa ukweli mtupu namna ile kulinipa nguvu kuliko angeniambia usijali atapona.

Akamtia kanyula, ile sindano ya kupitishia dripu, mguu wa mbele, mshipa ulikua umenywea akajaribu mara tatu, Tomi hata hakulia, na hapo ndio nlilia mie. Dripu ikaanza kudondoka. Chumba cha wagonjwa wa parvo kiko nyuma, mlango wake peke yake, na beseni la jiki la kukanyaga ukitoka.

Lalamiko langu ni moja na nimewaambia wenyewe. Usiku hawalazi. Saa kumi na mbili wanafunga, kwa hivo kila jioni nlimbeba Tomi na kanyula yake imefungwa bandeji ya buluu, feri tena, asubuhi tena, siku tano. Mnyama mgonjwa vile kutikiswa barabarani sio vizuri na sio kila mtu anaweza kuacha kazi siku tano, mie nlikua na bahati bosi wangu alinielewa. Wakipata mtu wa zamu ya usiku watakua wameokoa wengi. Lakini nisiwaonee, daktari alinifunza cha kufanya usiku: chupa ya soda yenye maji ya moto iliyofungwa kwenye leso iwekwe pembeni yake, sio juu yake, nishike masikio kila saa kama yamepoa, akilegea sana nimpake maji ya sukari kwenye fizi, kidogo tu, manake papi mdogo sukari yake hushuka ghafla. Nlimuuliza dafu je, Bi Mkubwa alikua ameshatuletea mawili, akasema dafu ni zuri akishaacha kutapika lakini haliwezi kushika nafasi ya dripu. Usiku wa Alhamisi saa nane Tomi alilegea nkadhani ameenda, nkapiga simu, akashika. Saa nane ya usiku! Tukapaka sukari tukiwa kwenye simu mie na Baraka, Baraka ameshika taa, mpaka akameza mate. Hilo sitalisahau.

Ijumaa hakutapika. Jumamosi mchana akiwa kwenye dripu aliinua kichwa akalamba maji kwenye kifuniko cha chupa, mara nne, nlihesabu. Daktari alifurahi kama ni wake. Kutoka hapo ni wali laini na kuku wa kuchemsha bila chumvi bila mafuta, kijiko kimoja kila baada ya masaa mawili, hata akilia njaa usiongeze.

Bei kwa wanaouliza: kumuona daktari 500, kipimo 2,000, dripu na sindano 1,800 kwa siku mara siku tano, jumla 11,500. Nlikua na elfu tano kwa M-Pesa, nkaambiwa leta hio, ingine lipa mwisho wa mwezi mara mbili. Kila siku wameniandikia karatasi ya dawa alizopewa na kiasi chake. Sio pesa kidogo, mie mshahara wangu naujua, lakini hakuna shilingi nlioona imepigwa juu.

Nyumbani walinielekeza kusafisha, na hapa sikilizeni manake wengi wanakosea. Sabuni ya kawaida haikiui hiki kirusi. Osha uchafu wote kwanza kwa sabuni, halafu jiki kikombe kimoja kwa vikombe thelathini vya maji, iache sakafuni dakika kumi ndio usuuze. Matandiko nlichoma. Udongo wa uani huwezi kuupiga jiki ukaisha na kirusi kinaweza kukaa mle miezi mingi mpaka mwaka, kwa hivo papi mwingine asiyechanjwa haingii kwangu. Binadamu hatushiki parvo hii ya mbwa, ila tunaibeba kwa viatu, nami nliacha kwenda kwa dadangu mwenye mbwa mpaka nioshe ndala zangu.

Nlimpigia pia yule jamaa aliyeniuzia, sio kwa ugomvi, nlitaka asiuze wengine kutoka ua ule. Akasema ni minyoo tu. Ndugu wawili wa Tomi waliouzwa mtaa wa pili walikufa wiki ile ile, mwenye mmoja wao alinipigia akilia na nilishindwa nimwambie nini.

Chanjo zenyewe, alivyonieleza daktari, huanza wiki ya sita mpaka ya nane na kurudiwa kila wiki tatu au nne mpaka afike wiki kumi na sita, manake kinga ya maziwa ya mama inaweza kuizuia ile ya mapema isishike. Moja haitoshi.

Tomi sasa ana kilo nne na nusu, ametafuna ndala zote za nyumba hii, na Bi Mkubwa kila asubuhi akitoka kuswali anauliza kwa ukutani, ameamkaje yule? Jumamosi anatimiza miezi mitatu, tunarudi kwa chanjo ya kichaa cha mbwa. Nimeshapiga simu kuuliza tungojee wapi, daktari akasema safari hii mama pitieni mlango wa mbele.