Unga wa nyuzinyuzi za pumba za oti: kitu chenyewe kizuri, kijiko chao kinapunja

Nimemaliza kopo la pili ndo naandika. Ni unga unaotoka Sweden, kopo limeandikwa beta-glukani 28% (hizo ndo nyuzi za oti zinazosaidia kushusha kolestro), nilimnunulia mzee baada ya majibu ya kolestro kutoka mabaya.

Bei imesimama jamani, 68,000 kopo la gramu 300, ila kiukweli naielewa. Pumba za oti za kawaida zina beta-glukani kama 5.5% na kupanda kidogo, sasa kufika 28 kiwanda lazima kitoe wanga na protini, na shida iko hapo, maana hizi nyuzi zikikutana na maji ya moto zinavutika kama mlenda, gramu 1 tu kwenye maji gramu 100 tayari ni mazito, kwa hiyo ukifanya kwa matani unahitaji maji ya kutisha au spiriti ya kuzigandisha, halafu vyote hivyo uje uvikaushe tena.

Kilichoniudhi ni kijiko. Kijiko cha ndani ya kopo ni gramu 5, wanasema kimoja kwa siku. Piga hesabu, hiyo ni beta-glukani gramu 1.4 tu, wakati kiwango ambacho Marekani waliruhusu tangu 1997 kiandikwe kwenye vyakula kuwa kinasaidia moyo ni gramu 3 kwa siku. Yaani unatakiwa vijiko viwili na kidogo, na kopo wanalosema la miezi miwili linaisha siku 28. Nimewaandikia duka, kimya.

Kupika: usimwage kwenye uji unaochemka, utapata madonge yenye unga mkavu katikati. Changanya na unga wa ulezi ukiwa mkavu, weka maji baridi, ndo ubandike. Mzee siku ya kwanza kanyanyua kijiko akaniuliza, "Mwanangu, mbona uji unavutika?" Sasa hivi anaweka kwenye mtindi, hasumbui kabisa. Anza kidogo kidogo, tumbo litajaa gesi wiki ya kwanza, na maji anywe ya kutosha. Dawa zake za hospitali hatujaacha hata moja.

Jirani kaniuliza si bora pumba za mahindi za mashineni. Hapana dada, zile nyuzi zake ni za aina nyingine, zimeshikana mno na hazivutiki hivi, kuzitoa mpaka kemikali kali kama kostiki.

Nyota 3, wakibadilisha kijiko naweka 5. Na kopo lifungeni vizuri, la kwanza liliganda lote na hili joto la Dar.