Wiki tatu za hisabati chuoni: uzoefu wangu na masomo ya likizo kwa wanafunzi wa sekondari

Nimemaliza wiki tatu za masomo ya likizo ya kiangazi katika chuo kinachopokea wanafunzi wa sekondari. Kabla ya kujaza fomu nilihangaika sana kumpata mtu wa kuniambia ukweli, kwa hiyo naandika niliyoyaona mwenyewe. Asubuhi nilisoma nadharia ya namba, yaani hisabati ya tabia za namba nzima, mchana uandishi wa programu za kompyuta. Tulilala bwenini, wawili kila chumba, na kwa upande wa malazi sina la kulalamikia.

Somo la asubuhi peke yake lingetosha kunirudisha pale. Tulikuwa 12. Mwalimu hakutoa mhadhara hata siku moja. Aliingia, akagawa karatasi ya maswali, akaanza kuzunguka kutoka meza hadi meza. Ukikwama jioni unamfuata mkufunzi msaidizi, ambaye ni mwanafunzi wa shahada ya kwanza hapo hapo chuoni, naye tabia yake ni ileile: unampa swali, anakurudishia swali.

Siku ya nne tulikuwa tunacheza na vipeo. 2 kwa kipeo cha 4 ni 16. Gawanya kwa 5, baki ni 1. 3 kwa kipeo cha 6 ni 729. Gawanya kwa 7, baki 1. 2 kwa kipeo cha 10 ni 1024. Gawanya kwa 11, baki 1 tena. Nikajaribu 9, ambayo si namba tasa: 2 kwa kipeo cha 8 ni 256, baki 4. Nikaona nimevumbua njia ya kuzitambua namba tasa! Chukua namba, punguza 1, pandisha 2 kwa kipeo hicho, gawanya. Baki likiwa 1, basi namba ni tasa. Mwalimu alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, kisha akasema, "Ijaribu kwa 341," akaenda meza nyingine.

2 kwa kipeo cha 340 ina tarakimu 103. Nilikaa nayo hadi usiku. Kilichonifungua macho ni ile 1024 ya asubuhi: ukitoa 1 unapata 1023, na 1023 ni 341 mara 3. Maana yake 2 kwa kipeo cha 10, ukiigawanya kwa 341, inaacha baki 1, na kwa kuwa 340 ni 10 mara 34, hata ukifika kipeo cha 340 baki ni 1 vilevile. Kwa njia yangu, 341 ni namba tasa. Kumbe ni 11 mara 31. Njia yangu ikaanguka pale pale mezani, na nilifurahi kuliko nilivyowahi kufurahia alama za mtihani wowote.

Mwalimu alituambia kuwa anafuata nyayo za mwanahisabati Arnold Ross, aliyeanzisha programu yake ya kiangazi kwa vijana huko Marekani mwaka 1957 na kuijenga juu ya nadharia hiyohiyo ya namba. Naelewa sababu. Huhitaji kujua mengi ili uanze, ila ukishaanza huna pa kujificha.

Mchana ilikuwa habari nyingine. Tangazo liliahidi madarasa madogo, tukajikuta ukumbini tuko zaidi ya 60, tunanakili yanayoonyeshwa ukutani. Nilipouliza ofisini niliambiwa masomo ya mchana hupangwa tofauti. Liliniuma, maana ada ni ileile. Kabla hujalipa, uliza kila somo lina wanafunzi wangapi, si programu nzima kwa ujumla.

Uliza pia unachopewa mwishoni. Sisi tulipata cheti cha ushiriki, bila krediti za chuo, na wenzangu wawili walivunjika moyo kwa sababu walidhani wameshajipatia nafasi ya kujiunga na chuo hicho. Kushiriki hakukupi nafasi hiyo. Tena zipo programu zinazoendeshwa na kampuni zilizokodi mabweni na madarasa tu. Unaliona jina la chuo, lakini walimu si wake. Na kama ada inakutisha, usikate tamaa mapema: baadhi ya programu za kiangazi, kama PROMYS, ile ya hisabati ya Boston University huko Marekani, huwa na msaada wa ada kwa familia zenye kipato kidogo.

Siku ya mwisho, tukiwa tunafunga mabegi, nilimpelekea mwalimu daftari langu anisainie. Hakuweka saini. Kwenye ukurasa wa mwisho aliandika 561, na chini yake: "Hapa usiishie kwa 2. Jaribu na 5, jaribu na 7." Nimeshagundua kuwa ni 3 mara 11 mara 17. Yaliyobaki bado nayatafuna.