Mwaka mmoja na Canon EOS 200D: uzoefu wangu Mwanza

Nina duka dogo la steshenari Nyakato, na kwa muda mrefu picha za pasipoti pamoja na za mahafali nilizipiga kwa simu bila mteja yeyote kulalamika. Hali ilibadilika pale mama mmoja alipotaka picha ya mwanawe aliyehitimu kidato cha nne ikuzwe hadi saizi ya A3 ili aitundike sebuleni. Nilikuwa nimeipiga nikiwa nyuma ya viti vya wazazi, simu ikiivuta sura kutoka mbali, na ilipotoka kwenye printa nywele za kijana zilionekana kama zimepakwa kwa brashi. Mama aliitazama, akaniuliza kwa upole kama wino ulikuwa umeisha. Siku hiyo niliamua kutafuta kamera.

Nilizunguka maduka ya katikati ya mji kwa siku tatu, na karibu kila muuzaji alianza na megapikseli, yaani mamilioni ya nukta zinazounda picha, ambazo kwa kazi yangu ndizo zilizokuwa na uzito mdogo kuliko yote. Karatasi ya A3 ikichapwa kwa nukta 300 kwa kila inchi inahitaji megapikseli 17 na nusu hivi, kwa hiyo kamera nyingi za miaka kumi iliyopita zinatosha. Tofauti kubwa na simu iko kwenye kihisi cha mwanga, ile sehemu ya ndani inayopokea mwanga na kuunda picha. Kihisi cha kamera nilizokuwa nikizitazama kina ukubwa wa takriban milimita 22 kwa 15, ilhali cha simu nyingi ni kidogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho, hata kama kwenye boksi imeandikwa megapikseli 50.

Kamera mpya zilikuwa juu ya uwezo wangu, nikaamua kununua iliyokwisha kutumika. Ya kwanza ilikuwa Canon EOS 700D yenye bei ya kuvutia, ambayo muuzaji aliisifu kwamba mwenye nayo wa awali alikuwa mtalii na aliitumia Serengeti mara moja tu. Niliomba kuifungua lenzi, nikaielekeza juu na kuimulika kwa tochi ya simu kutokea nyuma. Ndani yake, pembeni mwa kioo, zilionekana nyuzi nyeupe nyembamba zilizotambaa kama utando wa buibui.

"Hilo ni vumbi tu, dada yangu, linafutika," alisema, akanipa kitambaa.

Nilifuta mbele, nikafuta nyuma, nyuzi zikabaki palepale, kwa kuwa zilikuwa katikati ya vioo ambako kitambaa hakifiki. Hiyo ni kuvu, na kwa sisi tunaoishi kando ya ziwa si jambo la ajabu, kwani hewa yetu ina unyevu na lenzi iliyofungiwa kwenye mkoba miezi kadhaa huota kuvu kama mkate. Nilimrudishia kamera yake kwa shukrani.

Canon EOS 200D niliyoinunua, toleo la mwaka 2017 lenye megapikseli 24, niliipata kwa mtu mwingine kwa shilingi 1,050,000 pamoja na lenzi ya kuvuta ya milimita 18-55, baada ya kushuka kutoka 1,200,000. Nilikwenda na memori kadi yangu, nikapiga picha zipatazo thelathini, mojawapo ikiwa ya ukuta mweupe huku tundu la lenzi likiwa limebanwa kabisa, kwa sababu hapo ndipo vumbi lililoganda kwenye kihisi hujitokeza kama madoa. Niliziangalia kwenye kompyuta ya duka kabla ya kutoa hela. Idadi ya picha ambazo kamera imekwisha kupiga haionekani kwenye menyu yake, kwa hiyo nilitegemea kulika kwa mpira wa mshikio na kufutika kwa maandishi ya vitufe.

Kwa mahafali ya mchana sina lawama. Kamera ni nyepesi, haifiki nusu kilo pamoja na betri, na kioo chake cha nyuma kinafunguka na kugeuka upande wowote. Kioo hicho kilinifaa zaidi Mwaloni, Kirumba, nilipoitwa na akina mama wanaokausha dagaa, kwani niliweza kuishusha kamera hadi usawa wa chanja bila kulala chini. Picha za kwanza zilitoka zenye giza. Dagaa waking'aa kwenye jua la saa tano, kamera hudhani mwanga umezidi na kuupunguza, hivyo ilibidi niongeze mwanga kwa kipimo kimoja kwenye mpangilio wa kamera ili weupe wa dagaa urudi.

Ukumbini ndiko ilikonishinda. Katika sendofu ya kwanza lenzi ya 18-55 ilinipa nyuso zenye mtikisiko, kwa kuwa ukiivuta mpaka mwisho tundu lake halifunguki zaidi ya f/5.6 (namba ya f ikiwa ndogo, tundu ni kubwa). Baadaye nilinunua lenzi ya 50mm f/1.8, ambayo hupitisha mwanga mara tisa na zaidi kuliko hapo. Nayo ina kero yake: kwenye kamera hii huona kama lenzi ya 80mm, yaani eneo finyu, hivyo kuwaingiza wajomba na mashangazi wote kwenye fremu moja hunilazimu kurudi nyuma hadi kwenye meza ya chakula.

Kosa langu kubwa lilikuwa betri ya akiba ya bei rahisi, isiyo ya Canon, ambayo ilivimba baada ya miezi minne na kukwama ndani ya kamera. Fundi aliitoa kwa saa nzima. Ya sasa ni halisi, na hunitosha kwa sherehe nzima nikichungulia kwenye dirisha la jicho badala ya kutumia kioo. Lenzi nazihifadhi kwenye bakuli la plastiki lenye mfuniko unaobana, pamoja na vile vifuko vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu, na kila mwezi nazimulika kwa tochi. Mpaka sasa ni safi. Ninachotafuta kwa sasa ni flashi, maana taa za rangi za kumbi zetu huwafanya maharusi kuwa zambarau.