Kuskani livreti ya askari wa Force Publique Lubumbashi: skani nzuri, plastiki kataa

Duka hili la kopi, katikati ya mji, linapokea kazi ambayo familia nyingi za Kamalondo na Katuba zinaihitaji: kuskani karatasi na livreti (vijitabu vya utumishi wa askari) za wazee waliopigana vita vya Bulamatari, yaani serikali ya kikoloni ya Wabelgiji, katika jeshi lake la Kongo, Force Publique, na kuzichapa upya.

Skani ni safi. Wanapiga kwa rangi, nukta 600 kwa inchi, kila ukurasa hata ule mtupu, maana mihuri ya kambi mara nyingine imegongwa nyuma. Kabla ya kuanza, onyesha matrikule, yaani namba ya askari. Karani Mbelgiji aliandika jina kama alivyolisikia, kwa hiyo mtu mmoja anaweza kuwa na tahajia tatu. Namba ndiyo ya kushika.

Kasoro iko kwenye uchapaji. Mchapaji hajui majina ya zamani. Akiona "Saïo" anaandika "Sano", na vita nzima inapotea: Saïo iko Ethiopia, ndipo jenerali Gazzera wa Italia alipojisalimisha kwa Wakongo wa jenerali Mbelgiji Gilliaert tarehe 3 Julai 1941, miezi michache baada ya Asosa, mji mwingine wa Ethiopia, kutekwa. Costermansville ni Bukavu. Albertville ni Kalemie. Tabora, iliyotekwa Septemba 1916, ni ya vita vya kwanza vya dunia, na hapo wanachanganya miaka. Peleka orodha ya majina hayo imeandikwa kwa herufi kubwa, kisha soma nakala mstari kwa mstari. Mjukuu wa mpagazi akikosa livreti, asidhani duka limepoteza kitu: livreti ilikuwa ya askari, na wapagazi waliochukuliwa kupitia machifu walikuwa wengi kuliko askari.

Mwishoni watakuambia wapige plastiki, "ili idumu". Kataa kabisa. Mashine inapita digrii 100, gundi inaingia kwenye karatasi, wino wa muhuri unaweza kuenea, picha inashika plastiki, na hakuna wa kuibandua tena. Skochi (utepe wa gundi) pia hapana: inageuka njano na kula karatasi. Toa pini zenye kutu, lalisha livreti katika bahasha nyeupe, iweke mbali na joto la mabati na unyevu wa masika.

Bei ni franka 500 kwa ukurasa wa skani, sawa kwa kazi hii. Hesabu kurasa za asili mbele yao kabla ya kutoka.