Pilokapini na latanoprosti: msuli mmoja, njia mbili

Nyuma ya duara lenye rangi ya jicho kuna msuli mdogo wa silia, unaobadili umbo la lenzi ili tuone karibu. Dawa hizi mbili za presha ya macho zote huugusa, ila kwa namna zinazopingana.

Pilokapini, inayotumika tangu miaka ya 1870, huukaza. Msuli ukijivuta, huvuta na chujio la pembeni mwa jicho, vitundu vyake vikafunguka, maji ya ndani ya jicho yakatoka na presha ikashuka. Gharama yake ndiyo hiyo hiyo nguvu: mboni husinyaa, usiku huwa giza zaidi, paji huuma, na kijana huona mbali kwa ukungu. Tena hutiwa hadi mara 4 kwa siku, nani asiyesahau?

Latanoprosti huulegeza msuli na kulainisha tishu kati ya nyuzi zake, maji yakapenya humo humo. Tone 1 jioni latosha. Kope hurefuka (wapo wanaofurahia), na duara la rangi laweza kuwa jeusi zaidi, bila kurudi lilivyokuwa.

Kwa glakoma (ugonjwa wa presha ya macho) ya kawaida ningechagua ya pili. Pilokapini bado ina kazi pembe ya jicho, penye lile chujio, inapojifunga ghafla.